Jino la Kulinganishia

…na kama ni homa basi ni homa tu, mtoto gani hajawahi kushikwa na homa, leo wa moto kama pasi kesho anafukuzana na kuku, na jino huweka kumbukumbu ya kila taabu, halichagui, homa litaiweka, kuharisha litakuweka, hata kuanguka kitandani huenda likakuweka, kwa hiyo ule mstari mweusi uliojitokeza katikati ya picha ya jino kwenye kioo cha kompyuta, mwembamba, umenyooka kama uliopigwa rula, hauna haja ya kuwa na maana nyingine yoyote, alijiambia, akavuta mikono ya sweta mpaka kwenye vidole maana chumba hiki kina baridi ya jokofu, na chai aliyojimiminia imeota utando juu bila kuguswa… "Daktari, unaona?" alisema Kengele, msimamizi wa mtambo, macho kwenye kioo chake, mkono mmoja kwenye karanga na mwingine kwenye kibodi, jina hilo la Kengele alipachikwa kwa sababu kila mlango mzito unapofungwa yeye hupiga kelele kushinda king'ora chenyewe, "naona," alijibu, na kweli alikuwa anaona, taabu yote ndiyo hiyo, lakini kuona mstari siyo kuona sababu, ngoja rangi zifike, rangi ndizo zitakazosema, na rangi zilikuwa bado ziko juu kabisa ya jino, zinashuka polepole, nukta kwa nukta, kwenda na kurudi, kama mtu anayepiga pasi shati la harusi. Nyuma ya ukuta, kwenye bomba la mviringo kubwa kama uwanja wa mpira, chembe zisizoonekana zinakimbizwa mbio hata zinatoka jasho la mwanga, ndivyo alivyomweleza dada yake siku moja, na dada yake akasema kumbe ninyi mnakamua mwanga kama wenzenu wanavyokamua ng'ombe, na mwanga huo, eksirei kali ambayo hospitali hazijawahi kuiota, unachujwa mpaka unakuwa mwale mwembamba kuliko unywele, unaligonga jino mahali padogo na pale palipogongwa panajibu, nina kalsiamu, nina zinki, nina bariamu… bariamu ndiyo anayoingoja, bariamu hupita kwenye maziwa ya mama ikajificha ndani ya jino la mtoto, mtoto akinyonya inapanda, akiachishwa inashuka, na kwenye kioo wameipa rangi ya njano, njano ni mama, alizoea kuwaambia wanafunzi wake, nao waliandika, njano ni mama, buluu ni dunia.

Kama njano itauvuka ule mstari na kuendelea, basi ni homa, na homa haimhusu mtu… alikuwa amekwisha kulipima kwa jicho pengo lililopo kati ya mstari wa kuzaliwa na huu mwingine, maana kila mtu anao mstari wa kuzaliwa kwenye magego yake ya utotoni, mshtuko wa kutoka tumboni na kukutana na baridi, na wa jino hili anaukumbuka, alikuwepo, ni yeye aliyekuwa anapiga mayowe na dada yake anamwambia acha kelele unawatisha wakunga, mstari ule wa kwanza waliuchora wawili, yeye na mtoto, na toka pale kushuka mpaka kwenye huu mweusi hakuhitaji rula, miezi nane, au karibu yake, tabaka ni za siku kwa siku na mtu akitaka anaweza kuzihesabu, hakutaka, "halafu huyu Yatima wako," alisema Kengele akitafuna, "mbona kanyonya kama mtoto wa mfalme," naye akageuka kukitazama kioo cha pembeni ambako gego la kwanza, lile la kale, lilikuwa limekwisha kuchorwa lote tangu asubuhi, njano pana, nono, inayopungua kidogo kidogo kwa miaka, kama mtu anayepunguza utambi wa taa kwa sababu kuna anayesinzia, na alipoiona mara ya kwanza alisikia furaha na aibu kwa pamoja, maana Yatima ni jina walilompa wachimbaji, mtoto aliyekutwa amezikwa peke yake pembeni mwa makaburi mengine, bila shanga, bila chungu, bila jiwe la kumwegemea, na yeye alikuwa amesimama mbele ya watu wazima na shahada zao akawaambia huyu ni mtoto aliyetupwa, mtoto asiye na mtu, alilisema kwa uchungu hata mzee mmoja ukumbini akatoa kitambaa, kumbe masikini mtoto alikuwa na mtu, alinyonyeshwa mpaka akachoka mwenyewe, alibebwa, hata hakuwa yatima wa siku moja, kifo kilimtoa mikononi mwa mtu… na kuzikwa pembeni basi sijui kwa nini, labda walitaka awe karibu na mahali fulani, labda mama yake alitaka kumwona kutokea mlangoni, nani ajuaye, sisi tunajua bariamu tu.

Rangi zilikuwa zimeshuka robo. Njano, alhamdulillahi, njano safi, hiyo ni yake, maziwa yake, alikuwa nayo mengi mpaka yanalowesha blauzi, dada akicheka kwamba akipita sokoni paka watamfuata… hakupaswa kulileta jino hili, hapo ndipo pa kuanzia majuto, kama majuto yana pa kuanzia, jino la kulinganishia lilikuwa lije kutoka kliniki moja, jino la mtoto wa siku hizi, mzima, asiye na tukio, ndivyo inavyofanywa, huwezi kusema la kale lina nini mpaka uweke pembeni yake la mtoto wa kawaida, na la kliniki likaja limezibwa tundu kwa madini yanayopiga kelele kwenye kioo kuliko Kengele, na zamu ya kutumia mwale haimngoji mtu, unaomba mwaka huu unapewa mwaka kesho, ukichelewa wanaingia watafiti wa betri na watafiti wa dawa, kwa hiyo akafungua mkoba, akatoa kibiriti. Kibiriti chenyewe kina pamba, na kwenye pamba gego, alipewa na mwenyewe, msichana wa miaka kumi na mmoja aliyesimama mlangoni kwa dada yake siku alipokwenda kuwatembelea na zawadi za kuomba msamaha bila kusema samahani, akamwambia shika, Ma mdogo, wewe si daktari wa meno ya wafu, basi mimi nimefiwa na hili, akacheka, na pengo lake likaonekana, naye akacheka pia, nyumba nzima ikacheka, na jina la Ma mdogo likapita katikati ya kicheko kama mgeni asiyepiga hodi… hakuna aliyemfundisha, watoto wa dada walimwita Ma mdogo kwa haki yao, yeye ni mdogo wa mama yao, na huyu aliyekua katikati yao akaokota lile lile, dada ndiye Mama, yeye Ma mdogo, na alipokuwa na umri wa kuelezwa akaelezwa, akaitikia kwa kichwa, akaendelea hivyo hivyo, na kusema kweli angemwitaje, Mama Simu? dada alilijaribu hilo kwa utani mara moja, nenda kapokee, Mama Simu anapiga, kisha akaona uso wa mtu umebadilika hata kupitia waya, hakurudia. Na alilikata. Lile gego la kwenye pamba alilikata kwa msumeno wa almasi, taratibu, maji yakidondoka, akapata kipande chembamba cha kupitisha mwanga, anajivunia mkono wake, vumbi jeupe likaenda na maji kwenye sinki, na kwenye kijaluba akaandika kulinganishia, mtoto wa kawaida, bila tukio, aliandika hivyo yeye mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri, na wala hakujihisi anadanganya, hilo ndilo linalomshangaza sasa.

"Watu wa jioni wameuliza kama tutamaliza mapema," alikuwa anasema Kengele, "nikawaambia huyu mama hamjui, huyu akikaa hapo hata ukimwambia nyumba inaungua atauliza inaungua kwa nyuzi ngapi," akacheka mwenyewe, naye akatabasamu upande, mkono wake ukiwa juu ya simu aliyoilaza kifudifudi mezani, anaijua ilivyo hata bila kuigeuza, ujumbe wa binti yule wa gego, sasa mtu mzima, ulioingia asubuhi na jibu lake chini yake, limeandikwa tayari, halijatumwa, Ma mdogo wamenipa ile nafasi ya masomo, mwanzo wa mwezi, mtoto nitamwacha kwa Mama, ana miezi nane sasa, wewe ulipitia haya haya, ulijuta? niambie ukweli, usinifariji… na yeye alikuwa ameshaandika, Nenda, mtoto wa miezi nane hakumbuki kitu, kidole kikawa kinakwenda kubonyeza, Kengele akapiga ukelele kwamba mlango unafungwa nani anakagua, akaiweka simu chini akaenda kukagua. Maana hapa ndivyo sheria ilivyo, kabla mwale haujafunguliwa mtu mmoja lazima aingie kwenye chumba cha ndani unamopita mwale, azunguke pembe zote, achungulie nyuma ya mabomba, abonyeze kitufe kila kona kuonyesha kwamba kafika, aulize kwa sauti kuna mtu, kuna mtu humu, ndipo atoke na mlango ufungwe, hata kama wote wanajua hakuna mtu, hata kama mlikuwa wawili na wote mko nje, lazima uzunguke, na yeye huzunguka vizuri, hajawahi kuruka kitufe, Kengele humsifu kwa wageni. Lakini siku ile ya kuondoka kwenda masomoni hakuzunguka. Alisimama mlangoni na sanduku, dada akanong'ona ondoka akiwa amelala, ukimwamsha mtalia wote na gari litakuacha, akachungulia akaona mguu tu, mguu mmoja umetoka nje ya shuka, akataka kuurudisha ndani, hakuurudisha, akaondoka kwa kunyata ndani ya nyumba aliyozaliwa kama mwizi wa kuku… na mtoto akaamka, bila shaka aliamka, kila aliyelala huamka, akageuka upande wenye harufu yake akakuta gauni la kijani alilolisahau au alilojisahaulisha, hilo dada alimwambia miaka mingi baadaye, kwamba alilala na gauni lile mpaka likachakaa, wakati ule kwenye simu alisema tu alilia siku mbili, chupa kaikataa lakini uji anakula, hajambo kabisa, hata hakutaji, na yeye huko ugenini, kwenye kibanda cha simu cha bweni, akacheka kwa machozi, mtoto wa miezi nane atamtaja nani, hana hata maneno, akacheka, kisha akaenda bafuni akafunga mlango akakamulia maziwa kwenye sinki, meupe, ya moto, yanazunguka tundu la maji na kutoweka, wiki nzima alifanya hivyo, ya pili yakapungua, ya tatu yakamkatikia, na alipoona yamekatika akajisemea afadhali, sasa nitasoma.

Siku mbili. Hakuuliza tena. Angeuliza mara ya pili angeambiwa ukweli, dada hajui kudanganya mara mbili, humwaga kila kitu, lakini hakuuliza, alidanganywa kwa huruma akadanganyika kwa hiari, na mkataba huo wameutunza ndugu hawa wawili mpaka mvi zimewatoka, na dada akitaka kumchokoza husema asiye na mwana aeleke jiwe, sasa wewe mwenzetu mwana unaye na bado mgongoni unabeba mawe, meno hayo ya wafu, wanacheka, kila kitu katika ukoo huu kinachekwa… na rangi sasa zimekaribia. Njano bado njano. Aliegemea mbele. Basi ipite, alisema moyoni, ivuke hapo mstari hata kidogo, hata uzi mmoja, nipe homa, nipe kuharisha, nipe surua yenyewe, mimi nilikuwepo kwenye surua, hapana, hukuwepo, basi nipe chochote ambacho mtoto wa jirani naye alikipata, na mwale ukaenda na kurudi, ukaenda na kurudi, ukafika. Njano ikakatika. Haikupungua, haikufifia kama ya Yatima, ilikatika pale pale penye mstari mweusi kama taa iliyopulizwa, upande huu njano, upande wa pili buluu, na buluu ikaendelea kushuka, safu baada ya safu, buluu, buluu, akasubiri, labda mtambo umekosea, labda mwale umeyumba, Kengele naye akaacha kutafuna, akasogeza kiti chake cha magurudumu, akanyoosha kidole chenye chumvi karibu kabisa na kioo, "lo," alisema, "huyu alifiwa na mama yake?"

Hakufiwa. Aliifungua midomo kulisema hilo, hakufiwa, mama mtu alikuwa hai na mzima, anapata alama za juu, anajifunza kwenye maabara za watu kwamba mfupa hujijenga upya kila baada ya miaka kadhaa lakini jino likishakuwa limekuwa, mfupa husahau jino halisahau, ndiyo sentensi yake, imemfikisha mbali sentensi ile, anaanza nayo kila mhadhara na watu hupiga makofi, na miaka yote hiyo akishuka jukwaani hupiga simu nyumbani akasema mtoto hakumbuki, watoto hawakumbuki, kwa midomo ile ile, mate ya sentensi ya kwanza hayajakauka… wala si kwamba hakujua. Alijua kwa meno ya watu. Ameshika mamia ya meno ya watoto wa watu waliokufa zamani akawaonea huruma wote, huyu alikosa maziwa, huyu alipata njaa ya kiangazi, akawalilia mbele ya wazee wenye vitambaa, na lile moja lililokuwa ndani ya kibiriti kwenye mkoba wake, lililohama naye nyumba tano, hakuwahi kuliuliza kitu mpaka alipolihitaji kwa kazi, na hata hapo aliliita la kawaida. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, kumbe hawakuwa wanatania, wa kwake ana miezi nane na meno mawili mbele, alionyeshwa picha, meno kama punje za mchele, anacheka kila kitu… na magego yake yako ndani ya ufizi sasa hivi, hayajatoka, lakini yanajijenga, leo hii, jioni hii, kila siku utepe mmoja, njano juu ya njano, na ndani ya simu iliyolala kifudifudi kuna neno Nenda.

"Daktari, nakuuliza," Kengele alikuwa ameshika kijaluba, anakisoma kwa kukipeleka mbali na macho kama wafanyavyo watu waliosahau miwani, "umeandika mtoto wa kawaida, bila tukio, huyu ana tukio, tena tukio lenyewe si dogo, yule Yatima wako hana neno, yatima ni huyu hapa, hatuwezi kumlinganishia mtu kwa huyu, hili jino la pili umelitoa wapi, la nani?" La kliniki, angeweza kusema, lilikuwa tayari ulimini, la mtoto mmoja tu, la kuokota, Kengele asingeuliza zaidi, angekunja mabega akarudi kwenye karanga, na yeye ameijua kazi hii kwa miaka na hapa kwenye mtambo huu hakuna anayejua kama aliwahi kuzaa, wanamwona mwanamke wa mawe tu, amewaachia waone hivyo kwa sababu kuelezea kungekuwa kurefu… "La mwanangu," alisema. Neno likatoka na sauti ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuongea, Kengele akamtazama, akatazama kioo, akamtazama tena, akakishusha kijaluba mezani polepole kama kitu kinachoweza kuamka, "una mtoto?" aliuliza, si kwa umbea, "ninaye, binti, naye sasa ana wake," na Kengele, mtu wa kelele, alisukuma tu mfuko wa karanga ukafika karibu na mkono wake.

Aliigeuza simu. Jibu lake lilikuwa pale pale, Nenda, mtoto wa miezi nane hakumbuki kitu, akaanza kufuta kutokea mwisho, kitu, hakumbuki, nane, neno la mwisho kufutika lilikuwa Nenda, likampa kazi kidogo maana binti kalitafuta hilo kwa jasho na ana haki nalo kama yeye alivyokuwa na haki nalo, hatamwambia baki, nani amempa yeye ulimi wa kumwambia mtu baki, lakini kaulizwa ulijuta, na usinifariji, basi akaandika, Ndiyo, nilijuta, najuta mpaka leo, na ulilia zaidi ya siku mbili. Akaisoma. Akaongeza, Kama wataruhusu nenda naye, kama hawaruhusu mimi naacha mawe nakuja nikae naye karibu na hapo utakapokuwa, na ukilazimika kutoka usimwache akiwa amelala, mwamshe, alie akikuona. Hapo chini palikuwa na nafasi ya jina, Mama au Ma mdogo, akaiacha wazi, akabonyeza. Kwenye kioo mwale ulikuwa bado unakwenda na kurudi, chai bado ina utando, Kengele anajifanya anasoma namba, na chini ya ule mstari mweusi, safu baada ya safu ya buluu, jino lilikuwa limeendelea kukua, siku kwa siku, bila yeye.